Mwili wa Bure

Gauni la marehemu mama lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango tangu msiba. Asubuhi hiyo dada mtu alipoligusa, lilikuwa na joto la nguo iliyovuliwa sasa hivi. Kwapani lina unyevu.

"Digrii," alimwita mdogo wake, jina alilompa tangu amalize chuo na kurudi kulala sebuleni. "Umevaa gauni la mama?"

"Siz, ajira sina, lakini sijafika huko."

Alicheka peke yake. Dada, fundi cherehani aliyekuwa anawalisha wote wawili, hakucheka.

Digrii alikuwa amepeleka CV kila ofisi mpaka walinzi wakamzoea. Alipochoka kuambiwa "tutakupigia", akaanza kushona nguo za avata, ile miili ya kuchora ambayo watu huivaa wakiingia dunia za mtandaoni. Kule nguo haikai ila kwenye mwili iliyokatiwa. Basi akatengeneza mwili wake, akaugawa bure, ili kila anayeuchukua anunue nguo kwake tu. Akili ya biashara, au sivyo? Tatizo, mwili wa mwanamke hakujua kuuchora. Akalipima gauni la mama, akaweka picha yake pembeni, akachonga.

Sasa watu asiowajua walikuwa wanamvisha mama yake vichupi na kumkatisha viuno. Alishaona. Akafunga laptopu, akala chakula alichopika dada.

Saa za mchana, jua limewaka, harufu ya mafuta ya mama ikaingia sebuleni, kisha cherehani ikasikika chumbani, ikizunguka taratibu kama inajaribiwa na mtu asiyeijua, na walipochungulia walimwona mama amesimama mbele ya kioo ndani ya gauni lile, anajigeuza, anajitazama, mpaka gauni likamteleza likaanguka, na kati ya shingo na magoti hapakuwa na kitu, ukuta tu, na kalenda ya ukutani.

Dada alishika mlango. Digrii alilitambua tobo lile. Fundi wa avata huuficha mwili chini ya nguo ili nyama isichomoze kwenye kitambaa, na anayevua nguo asipokumbuka kuufichua, haurudi.

Mganga aliyeitwa na dada alifika kabla ya jioni. Alinusa gauni, akaketi.

"Jini halina mwili. Hupita tu. Nani kaliachia mwili huu?"

Dada alimgeukia mdogo wake.

"Sema," dada alinong'ona.

"Ni mimi." Akaeleza yote, macho sakafuni.

"Ulimpima mama?" dada aliuliza.

"Gauni tu, siz."

"Ulimvua."

Digrii alilichukua gauni alikunje. Miaka yote ile ya chuo, na hata kulikunja hakujua.

"Ufute," mganga alisema.

"Wa kwangu nimeshafuta. Ila kila aliyeuchukua anao wake."

Mganga alikusanya vitu vyake polepole. "Ningefukuza mmoja," alisema, akatoka bila kuaga.

Dada hakulia. Alitandika kitambaa mezani, akakata bila kupima, maana vipimo vya mama vilikuwa mikononi mwake. Digrii akachukua sindano akashona vifungo, hathubutu kuinua uso. Gauni jipya lilipokamilika, walilitundika nyuma ya mlango, wakageuka.

Likachukuliwa. Walisikia kitambaa kikipita kichwani, na pumzi ya mtu aliyestirika.

Kisha sauti ya mama, ya upole, kama ya mteja aliyesubiri zamu yake:

"Na sisi wengine, wanangu?"