Abiria wa Kiti cha Nyuma

Kila Koome alipoliangalia lile gari kutoka mlango wa jikoni, aliliona limelala upande wa nyuma kushoto, kana kwamba mtu mzito alikuwa amekaa ndani. Alibadilisha springi. Likalala. Akatafuta springi nyingine, ngumu zaidi, akazifunga mwenyewe akiwa chali chini ya gari, tochi mdomoni. Alipolishusha kutoka kwenye jeki, upande ule ulishuka polepole, ukatulia palepale ulipokuwa.

"Labda bodi imepinda," alimwambia mkewe.

Gacheri alikuwa anaanika nguo. "Ama kuna mtu amekaa," alisema, akacheka peke yake.

Lilikuwa Peugeot 404 ya milango minne, kuukuu kuliko Koome mwenyewe. Alilipata Siakago, nyuma ya nyumba ya mjane aitwaye Nelius, chini ya banda la mabati, magurudumu yamezama mchangani. Siku ya kulipakia kwenye lori, mjane huyo alijifungia ndani, akawa anachungulia dirishani mpaka lori likatoka. Koome alidhani ni uchungu wa kumkumbuka mumewe.

Hapo kwake Nkubu, Koome alikuwa na ndoto moja na gari hilo. Nje libaki kama lilivyotoka kiwandani. Ndani liwe la kisasa: injini ya Toyota, gia tano, breki za diski, AC, kamera ya kurudi nyuma. Siku za wiki alikuwa karani mjini Meru. Jumamosi na Jumapili alikuwa wa gari. Gacheri aliudhika kimyakimya, lakini mama mkwe wake, Mukiri, alipenda kutoka na kigoda chake akakaa kumtazama mwanawe akifungua nati. Mukiri alijua Kimeru tu. Kiswahili chake kilikuwa cha kununua chumvi na kumwamkia chifu.

Viti vipya vya ngozi vilipofika, Koome aling'oa vya zamani. Cha nyuma kilimtoa jasho. Boliti zake hazikuwa na kutu, ila ziling'ang'ania kama zinashikwa kutoka upande wa pili. Kilipong'oka, harufu ilimpiga usoni: udi, na chini ya udi kitu kibichi kama samaki aliyelala juani. Akakiburura mpaka nje.

Nyuma yake, gari likainuka. Lilipanda lote kwa mara moja, likasimama sawa kama meza.

"Umeona?" alimwita Gacheri kwa furaha. "Shida ilikuwa hii kiti!"

Kitambaa chake kilikuwa bado kizuri, chekundu cha damu ya mzee. Ilikuwa vibaya kukitupa. Koome akakipigilia miguu ya mbao, akakiingiza sebuleni, akakiweka karibu na dirisha. Mukiri alikipenda. Alikaa upande wa kulia, akajibana kwenye kona. Gacheri alipomuuliza kwa nini asikae katikati, mama alimjibu, bila mzaha, "Nitamkalia mwenzangu?"

Mvua ya alasiri ilikuwa inapiga mabati siku Koome aliposikia sauti ya mwanamume sebuleni. Alifikiri ni redio.

"Dereva," sauti ilisema, "mbona tumesimama?"

Alipoingia, hakukuwa na mtu ila mama yake. Sasa alikuwa amekaa upande wa kushoto, mgongo wima, mikono juu ya magoti, kama abiria aliyekodi gari zima. Alimgeukia mwanawe kwa macho yasiyomjua, akafungua mdomo, na ile sauti nzito ikatoka tena, kwa Kiswahili laini cha watu wa pwani ambacho hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyewahi kukizungumza.

"Nani kakutuma kunitoa garini mwangu? Umenitia katika nyumba ya wakulima, yanuka moshi na viazi. Niwashie gari."

"Mama," Koome alinong'ona.

"Mama yako nimemkalia."

Tangu hapo hapakukalika. Maziwa yaliyokuwa matamu kwenye kibuyu yakawa chumvi kwenye kikombe. Chungu cha githeri kilifunuliwa kikakutwa kimejaa mchanga mweupe, na Nkubu hakuna mchanga mweupe. Mchungaji wao alikuja na Biblia, lakini kabla hajaifungua ile sauti ilimtajia jina la mwanamke asiye mkewe, naye mchungaji akaondoka akisahau mwavuli. Mukiri hakutaka kushuka kwenye kiti, hakula, alinyauka huku sauti ikinenepa. Na mchana mmoja Gacheri alipomsogelea na kijiko cha uji, akimbembeleza kwa Kimeru kama mtoto, mkono ule wa kikongwe uliokuwa ukitetemeka kwa kushika kikombe tu ulimdaka koo, ukamwinua mpaka vidole vya miguu vikawa vinapapasa sakafu, ukamshikilia hapo bila haraka, huku ile sauti ikimwuliza kwa upole kama dereva yuko tayari.

Koome alimnasua. Alama za vidole zilibaki shingoni mwa mkewe.

"Baba Kendi," Gacheri alisema kwa sauti iliyokwaruza, akimwita kwa jina la binti yao aliyekuwa shule ya bweni, "uliileta. Uitoe. Mimi siwezi kuzikwa juu ya gari."

Kesho yake Koome alikuwa Siakago. Nelius alimsimamisha mlangoni, hakumkaribisha.

"Ulijua," Koome alisema.

"Nilijua."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, ungeichukua?" Mjane alimtazama bila aibu. "Miaka yote nimelala nikisikia mlango wa hiyo gari ukigongwa kutoka ndani. Wewe umekaa nayo kidogo tu, unakuja kunifokea?"

Hata hivyo alimweleza. Mumewe, Njue, alikuwa dereva wa teksi pwani alipokuwa bado kijana. Usiku mmoja alimpandisha mtu aliyevaa kanzu, miguu yake ikilowesha zulia. Mtu huyo hakusema anakokwenda wala hakushuka. Njue alizoea. Kila asubuhi alifungua mlango wa nyuma kushoto kwanza, akangoja, akaufunga, ndipo akaingia mwenyewe. Alirudi naye mpaka hapa Mbeere. Halafu alipookoka, alikataa kumfungulia.

"Tulimpata kwa barabara," Nelius alisema, na sasa sauti yake ilishuka. "Mikono iko kwa usukani. Uso umeangalia nyuma."

Akafunga mlango.

Maalim Rashid Mutembei, ambaye Koome alimwendea kumwomba amtoe jini huyo, alikuwa mwenyeji wa Majengo, Meru, mjukuu wa mchinjaji, mtu mfupi mwenye kikohozi. Alikuja Nkubu baada ya swala ya adhuhuri akiwa na chupa ya maji na kitambaa cheupe. Hakumsalimia Mukiri. Aliketi chini mbele ya kiti akaanza kusoma Kurani, polepole, na kila aliposita kuvuta pumzi sebule ilizidi kunuka bahari, madirisha yakalowa kwa ndani, Mukiri akatukana kwa lugha tatu, akacheka, akalia kwa sauti ya mtoto, akamwita Koome kwa jina alilomwita alipokuwa mtoto wa kunyonya, na Koome akaziba masikio huku Gacheri akimshika kiuno asimkimbilie.

"Wataka nini?" Maalim akauliza mwisho.

"Nilipanda. Sijashushwa."

"Ukishushwa, utamwacha bibi huyu?"

"Nashushwa na dereva. Si na wewe, kibwengo cha msikitini."

Maalim alimrushia maji usoni. Mukiri akaanguka sakafuni kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Kiti kilibaki kimebonyea upande wa kushoto.

"Sikiliza vizuri," Maalim alimwambia Koome uani, akikohoa. "Hicho kiti kirudi garini. Umpeleke mpaka daraja la Thuci, kule Ishiara. Thuci inaingia Tana, na Tana inafika baharini. Njia ataijua. Umfungulie mlango, ashuke, ndipo ukichome kiti. Lakini usimjibu. Akulilie, akutukane, akuite kwa sauti ya yeyote, usimjibu hata neno moja. Neno lako ndilo kamba yake."

Koome aling'oa kiti cha ngozi, akafunga cha zamani. Gari likalala kushoto. Akafungua mlango wa nyuma, akangoja, akaufunga. Injini ya Toyota ikawaka mara moja.

Aliteremka kupitia Mitunguu, jua kali, migomba ikipita pande zote mbili. Kioo cha dereva alikuwa amekigeuza asione nyuma. AC ilipuliza pumzi ya udi. Baada ya Chiakariga abiria akaanza kuongea, kwa sauti ya Gacheri.

"Baba Kendi, simama. Mama amekata roho. Hutaki hata kuuliza saa ngapi?"

Koome aliuma ulimi. Kisha akasikia sauti ya mwanamume asiyemjua, bila shaka Njue, ikimwomba kwa Kimbeere cha kukatikakatika asiangalie nyuma, asimwangalie abiria, huku kitu chenye ubaridi kikimpapasa nywele za kisogo taratibu, kikihesabu mifupa ya shingo yake mmoja baada ya mwingine, na barabara ikizidi kunyooka, na joto likizidi, na yeye akiendesha na machozi yakimtoka bila kusema kitu, mpaka akaliona daraja.

Alisimama ukingoni. Akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma kushoto.

Kiti kikainuka. Gari likasimama sawa. Kwenye vumbi, nyayo za maji zikatokea moja moja kuelekea mtoni, za mtu asiye na haraka. Harufu ikapungua. Ndege walianza kulia tena kwenye migunga. Koome alivuta pumzi ambayo alihisi hajaivuta tangu mwaka uliopita.

Nyayo zikasimama majini.

"Ahsante, dereva," sauti ilisema kwa heshima.

Koome alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Tangu shule ya msingi alifundishwa kwamba ukishukuriwa, kuna neno moja la kujibu, na neno hilo lilimtoka lenyewe, kwa pumzi ile ile ya nafuu, kabla akili haijaliona.

"Karibu."

Mto ulinyamaza. Kisha nyayo zikaanza kurudi.

"Nishakaribia," sauti ikamjibu, karibu kabisa na sikio. Mlango ukatoka mkononi mwake, ukajifunga.

Akaingia, akaketi kwenye usukani, kwa sababu alihisi akiamriwa kuingia. Simu ikaita. Ilikuwa Gacheri, akilia na kucheka.

"Baba Kendi! Mama ameamka! Ameomba uji, anaongea Kimeru, anakuuliza! Imeisha! Uko wapi? Tukungojee chakula?"

Koome aliangalia barabara ya kurudi Nkubu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa tayari umetia gia, na si yeye aliyeusogeza.

"Gacheri, funga geti," alisema. "Weka kufuli. Nikija, hata nikiwaita kwa majina, msinifungulie."

Kabla hajamaliza, mkewe alisikia simuni mtu mwingine akisafisha koo taratibu ndani ya gari, kama anayengoja zamu yake ya kuongea.