Dada Aliyetolewa Kwenye Mraba

Huyu mtu namfahamu vizuri, ukuta wa nyumba yake na wetu ni mmoja. Mtaani tulimwita Fundi Mraba, kwa sababu kamera yake ilitoa picha zenye pande sawa tu, naye hakutaka nyingine. Haya aliyasimulia mwenyewe, kidogo kidogo, siku alizopata moyo wa kusema.

Ilikuwa Jumapili tulivu. Familia yao ilikutana kwa mama yao, wakanywa chai, kisha wakatoka uani kupiga picha. Mama aliketi katikati, wana wawili wa kiume upande mmoja, mabinti wawili upande wa pili, na pembeni mwa mabinti akasimama dada mkubwa. Fundi aliinamia kamera. Ilikuwa ya kizamani, unaichungulia kwa juu kama mtu anayechungulia kisima, na kwenye kioo chake mambo hugeuka: aliye kulia unamwona kushoto.

Alipiga ya kwanza, kisha akainua kichwa. Ugonjwa ulikuwa umemla dada mkubwa. Gauni lilimning'inia, na upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelegea. Huyu ndiye aliyemlea Fundi mgongoni wakati mama yao akishinda kibaruani. Fundi alimweleza kwa upole kwamba mraba hauna pa kukimbilia, mtu mmoja akizidi upande mmoja picha nzima inainama, basi asogee kando kidogo, atampiga peke yake baadaye.

"Sawa, mdogo wangu," alisema dada. "Nitangoja."

Ya pili ilitoka safi, akaitundika dirishani mwa studio. Negativu ya ile ya kwanza, kile kipande cha filamu chenyewe, aliikata kwa mkasi, akaitupa kwenye pipa la taka. Mraba ulisingiziwa tu. Aliona haya uso ule kukaa mbele ya wateja wake.

Hakumpiga tena. Leo kesho, leo kesho, na baada ya miezi mitatu wakamzika.

Wiki iliyofuata binti pekee wa marehemu, msichana wa miaka kumi na sita, alifika studio. Alimwamkia mjomba wake, kisha akasema nyumbani hawana hata picha moja ya mama. Mama hakuwa mtu wa picha. Lakini Jumapili ile mjomba si alimpiga?

Fundi alijibu kwamba mwanga uliingia kwenye filamu, ikaharibika.

"Haya mjomba. Asante kwa kujaribu."

Angemlaumu, ingekuwa nafuu. Ile asante ilimchoma kama mwiba wa samaki.

Hapo ndipo picha zake zilipoanza kwenda mrama. Wachumba wawili aliowaweka katikati walitoka wamesogea ukingoni, na kando yao nafasi tupu, pana kiasi cha mtu mmoja. Akadhani kamera imetikisika. Fundi cherehani mmoja naye akatoka vivyo hivyo. Mwalimu mmoja na pacha wake, hali kadhalika, na mwalimu akamuuliza mbona amewabana ukutani kama wezi waliokamatwa. Fundi alicheka, akaenda kupimwa macho, akanunua miwani. Nafasi ile haikuondoka. Kila picha ilikuwa na mahali pa mtu aliyekuwa hajafika.

Mchana mmoja aliingia mama mwenye kichanga. Fundi akawaketisha mbele ya pazia, akainama. Kwenye kioo, kushoto kwa mama yule, alisimama mtu mwembamba aliyevaa gauni.

Aliinua kichwa, akatazama kulia. Pazia tupu.

Akainama tena. Yupo. Amesogea hatua moja.

Akainua kichwa. Pazia.

Akainama. Uso sasa ulionekana. Ulikuwa umelegea upande mmoja.

Mama wa mtoto hakuona kitu. Lakini kichanga kilikuwa kimegeuza shingo kuelekea pazia, kikicheka na kunyoosha mkono.

Fundi alifunga studio. Usoni hakuwa na damu alipofika nyumbani, na kwa mara ya kwanza alimwambia mkewe habari ya mkasi na pipa la taka. Mkewe alikunja nguo ileile mara mbili, mara tatu.

"Ulimwambia utampiga peke yake," alisema hatimaye. "Kampige."

Kesho yake saa nne asubuhi alifungua madirisha yote ya studio. Aliweka stuli katikati ya chumba, akasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akainama. Stuli tupu.

"Dada," alinong'ona, "nimekuja. Keti katikati."

Nje watu walipita na maongezi yao.

Pazia lilitikisika. Upepo haukuwepo. Kwenye kioo uliingia upindo wa gauni. Kisha mkono. Mkono ukashika stuli, ukaipapasa kama wa mtu anayehakikisha ni yake. Akaketi. Fundi hakuuona uso vizuri, machozi yalikuwa yakidondokea kioo. Sauti haikutoka kwenye stuli. Ilitoka sikioni mwake.

"Sasa ungoje wewe."

Akabonyeza.

Kwenye chumba cha giza, picha ilipoibuka ndani ya dawa, ilikuwa ya stuli tupu. Aliigeuza mbele na nyuma. Hata hivyo aliibeba, akaenda moja kwa moja kwa mpwa wake, akamweleza yote bila kupunguza: aibu aliyoiona, mkasi, pipa, uongo wake. Msichana alisikiliza macho yakiwa chini. Kisha akaipokea picha, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Umempata, mjomba. Na anatabasamu."

Bibi yake akaitwa kutoka ndani. Aliitazama, akaibusu, akaikumbatia kifuani, akamwita marehemu kwa jina lake la utotoni. Fundi alichungulia juu ya bega la mama yake. Stuli tu.

"Ila huyu wa pembeni ni nani?" mpwa aliuliza. "Amekatwa."

Hapo Fundi naye aliona. Ukingoni kabisa palikuwa na bega la mwanamume na nusu ya sikio, na shati la mistari lililofumuka mshono begani. Fundi aligusa bega lake mwenyewe. Uzi ulikuwa ukining'inia. Na asubuhi ile, chumbani mle, yeye alikuwa nyuma ya kamera.

Mpwa wake hakusema kama amemsamehe. Alimshukuru kwa picha, akaingia ndani.

Picha iko sebuleni kwao mpaka leo. Nimeiona. Marehemu alikuwa na tabasamu zuri, na uso wake umenyooka pande zote mbili. Fundi huenda kila mwezi kuitazama, na kila mwezi anaikuta stuli haina mtu. Yule wa ukingoni ndiye anayemwona. Siku ya kwanza lilikuwa bega na nusu ya sikio. Mwezi wa pili sikio halikuwepo. Juzi aliniambia, akiwa ameketi barazani kwetu na sauti yake nikiisikia kwa shida, kwamba limebaki bega la upana wa ukucha.