Chapati Isiyoonyesha Kuresoi

Kila asubuhi, kabla baridi ya Molo haijalegea, Wangechi huwasha jiko karibu na uwanja wa kupakia viazi. Wapakiaji wa malori walizipenda chapati zake kwa sababu ya unene.

Kisha unga ukapanda bei. Mafuta yakafuata. Mumewe, Ndegwa, akamshauri, "Sukuma ziwe nyembamba kidogo. Nani atajua?"

Masinde alijua. Masinde hupakia viazi, na mdomo wake haupumziki. Aliinua chapati juu, akafumba jicho moja.

"Mathe! Kupitia hii naona hadi vilima vya Kuresoi!"

Wenzake wakacheka. Wawili wakaenda kula mandazi kwingine.

"Cheka tu, Masinde," Wangechi akasema. "Chapati yangu itarudi vile ilikuwa, na bei sipandishi."

"Kwa unga gani? Wa miujiza?"

Jioni hiyo Wangechi alisajili namba yake ya simu kwenye supamaketi. Wateja waliosajiliwa hutumiwa kuponi kwa SMS. Kuponi ni ujumbe wenye namba. Keshia akiiingiza, unapunguziwa bei.

Kuponi ya kwanza ilikuwa ya aiskrimu. Nusu bei! Wangechi akanunua mikebe miwili.

Ndegwa, aliyekuwa amejifunga blanketi, aliitazama mikebe, akamtazama mkewe.

"Aiskrimu, Mama Kui? Molo? Mwezi wa saba?"

Wangechi mwenyewe alicheka, meno yakigongana.

Mastura, jirani anayeuza mitumba, alionja kijiko kimoja akatetemeka. Yeye ni mzoefu wa kuponi.

"Kuponi si amri, Mama Kui. Kitu usichohitaji, hata kikiwa nusu bei, umepoteza hiyo nusu. Amua kwanza unataka nini, halafu ngoja kuponi yake. Isome yote: ni unga wa aina gani, pakiti ngapi, inaisha lini. Na uulize bei ya duka lingine. Wakati mwingine huko ni rahisi hata bila kuponi."

"Na hii?" Wangechi akamwonyesha simu. Ujumbe ulitoka kwa namba ngeni: Umeshinda kuponi, tuma PIN.

"Hao ni wezi. Kuponi ya kweli haiombi PIN."

Wangechi akaufuta kwa kidole kimoja, kama anayeua kiroboto.

Wiki iliyofuata ikaja kuponi ya unga wa ngano. Aliisoma mara mbili. Akauliza bei kwingine; ilikuwa juu zaidi. Akachukua unga uleule uliotajwa, akaonyesha simu kabla ya kulipa.

Keshia akabonyeza. "Imekataa. Lipa bei ya kawaida, mathe."

"Silipi."

"Watu wanangoja."

"Wangoje. Aina ni hii, pakiti ni hizi, mwisho ni kesho. Nionyeshe nimekosea wapi."

Mtu akanung'unika nyuma, "Mathe, tunaganda hapa!"

"Ganda kidogo, boss. Leo ni unga wangu, kesho ni sukari yako."

Msimamizi akaitwa. Alisoma ujumbe, akaingiza namba upya, polepole. Keshia alikuwa amekosea tarakimu moja. Bei ikashuka.

"Pole, mama."

"Nishapoa. Nipe risiti niangalie."

Asubuhi iliyofuata, Masinde aliinua chapati juu. Akafumba jicho la kulia. Akafumba la kushoto.

"Mathe, Kuresoi imeenda wapi?"

"Iko palepale. Kula, lori linakungoja."

"Na bei?"

"Ileile."

Wale wawili wa mandazi walikuwa wameshakaa kwenye benchi. Wangechi akawaacha wangoje kidogo.