Chupa Kumi Kwenye Korido

Siku ya soko, Daraja Mbili haina pa kuweka mguu, lakini Mokeira alikuwa amechuchumaa katikati ya njia akiviringisha chungwa. Alivaa gauni la rangi ya haradali na miwani mikubwa, na wapita njia walimruka wakinung'unika. Chungwa likapita kando ya mafungu ya mboga za managu, likapinda, likagonga kiatu cheusi kilichong'arishwa hasa.

"Madam, hii chungwa ni yako ama imenichagua?" aliuliza mwenye kiatu. Alikuwa Joash, mwenye duka la dawa mjini Kisii, mrefu, shati limepigwa pasi hadi linakwaruza.

"Ni yangu. Na haifai, inapinda."

"Wewe hula zile zinaenda straight pekee?"

Mokeira akacheka. Akamweleza kwamba hataki kula, anataka kitu cha mviringo kwa ajili ya kazi. Yeye ni mfasiri. Alikaa Italia miaka miwili kwa masista waliomsomesha, na sasa kampuni moja imempa kitabu cha Kiingereza akitie katika Kiitaliano: namna ya kujenga na kutunza njia za boling, mchezo ule wa kuviringisha tufe zito juu ya mbao ili liangushe vigingi kumi.

"Na hiyo boling uliionea wapi?"

"Sijawahi kuiona."

Joash akacheka mpaka muuza managu naye akacheka bila kujua kinachochekwa. Chungwa akalilipia yeye, na namba ya simu akaondoka nayo.

Basi wakapendana, na wala hawakujificha. Joash alimwita Profesa. Alimletea mahindi ya kuchoma yakiwa bado moto, akasikiliza habari za mitaro ya pembeni na mstari ambao mchezaji havuki, akafika mahali akajua kwamba vigingi kwa Kiitaliano ni birilli. Aliwaambia mpaka wateja wa dawa za kikohozi. Shangazi yake, Mong'ina, akateuliwa kuwa esigani, yaani yule mtu wa kati ambaye kwa Wagusii huenda kuuliza tabia za binti kwa majirani kabla wazee hawajaketi. Angekwenda Nyamira, kwao Mokeira, Jumapili.

Shida ilianza Ijumaa, jua likikaribia kuzama. Joash ni Msabato. Jua likishazama simu yake huzimwa, na Jumamosi huimba besi katika kwaya ya kwao Suneka. Alikuwa amekuja kumuaga mpenzi wake kwenye nyumba aliyopanga mtaa wa Jogoo, na simu ya Mokeira ikalia juu ya meza. Ikatokea picha ya mwanamume aliyepiga magoti juu ya mbao zinazong'aa, mikono mipana, meno meupe, vifungo viwili vya shati wazi.

"Huyu ni nani?"

"Davide. Anatunza njia za boling huko Bologna. Kampuni ndiyo imemweka anikague maneno."

"Na ni lazima akukague akiwa amefungua vifungo?"

"Joash, huko ni joto."

"Mnaongeanga lini?"

"Jumamosi asubuhi. Ndiyo saa ukumbi wao hauna watu."

Jumamosi asubuhi! Yaani yeye akiwa amesimama mbele za Mungu na simu imezimwa. Na tusidanganyane, Davide alikuwa mzuri. Hata mimi ninayesimulia singependa anipigie mchumba wangu simu.

"Si aandike tu? Kwani hana vidole?"

"Kuna vitu haviandikiki, mpenzi. Nataka kuona mkono wake ukipaka mbao mafuta."

"Mkono wake!" Joash akachukua koti. "Sawa, Profesa. Mimi naenda practice, Nyanchera ameshawaanzishia wengine."

Nyanchera alikuwa akiimba sauti ya kwanza, na jina lake lilikuwa halikauki mdomoni mwa Joash. Mokeira alisema "sawa" na kukunja kitambaa cha meza ambacho hakikuhitaji kukunjwa. Joash hakuona. Mtu mwenye wivu haoni wa mwenzake.

Asubuhi alisimama kwenye kwaya, suti ya kijivu na tai ya rangi ya zambarau. Wimbo wa kwanza akaruka ubeti mzima. Wa pili ulipoanza alikuwa ameshatoka kwa mlango wa pembeni, ameita bodaboda, tai inampiga mgongoni kama bendera hadi Jogoo.

Mlango wa korido ulikuwa nusu wazi. Ndani mwanamume alicheka. Kisha Mokeira akacheka, kile kicheko chake cha kutoka tumboni ambacho Joash alidhani ni chake peke yake. Akasukuma mlango, akaingia mbio.

Hakupiga hatua mbili. Miguu ilimtangulia, mikono ikafunguka, akateleza wima nusu ya korido huku macho yamemtoka. Halafu ghafla viatu vikashikwa, mwili ukageuka upande, akaangukia chupa kumi za soda zilizopangwa pembetatu mwishoni. Zote zikalala.

Kwenye simu iliyoegemezwa stuli, Davide akasimama akapiga makofi kama mtu aliyeona vigingi vyote vikianguka kwa mpigo mmoja. "Strike!"

Mokeira alikuwa pale na tikiti maji mikononi, sweta kuukuu na leso kiunoni. Alikuwa amepaka mafuta ya kupikia sehemu ya kwanza ya korido, vile mbao za boling hupakwa, ili aone kwa macho kile anachokiandika. Akamuaga Davide kwa maneno mawili, akazima simu.

"Joash. Leo si Sabato?"

"Nilikuja kukuona."

"Ulikuja kunifumania."

"Niliwasikia mkicheka!"

"Ulitusikia ukiwa Suneka?"

Suruali ya Joash ilikuwa imelowa mafuta na nyonga ilimuuma. "Nina wivu, Mokeira," alisema akiwa palepale chini. "Ile picha haijanipa usingizi. Huyo jamaa anajua kazi yako, mnaongea lugha moja. Mimi nakuletea mahindi."

"Mimi napenda hayo mahindi. Lakini mwanamume wa kuacha kwaya katikati aje kunichungulia, huyo namwogopa. Mwambie shangazi yako asiende Nyamira kesho. Apumzike."

Joash akajikokota kuinuka.

"Ngoja, usiinuke." Mokeira alikuwa akitazama sakafu. "Ulianza kugeuka wapi?"

"Hapa. Miguu ilikuwa inaenda tu poa, halafu mafuta ikaisha, nikashikwa."

"Ee Nyasae, Mungu wangu! Nami nimeandika kwamba tufe linapinda kwenye mafuta. Kumbe linapinda yakiisha." Akaandika mbio, uso umemng'aa, kisha akakumbuka kwamba amekasirika. "Asante. Sasa enda."

Shangazi Mong'ina hakwenda. Wiki nzima Joash aliuza dawa bila utani.

"Profesa, nikuletee sabuni ya kuosha korido?" alijaribu kwenye simu.

"Nimeshaosha."

"Na mahindi?"

"Nimeshiba."

Ijumaa, jua likiwa juu ya vilima, alipiga tena. "Kesho ongea na Davide. Mimi nitaimba mpaka mwisho. Wivu nitakuwa nao, sikudanganyi, lakini nitakaa nao huko huko kanisani."

Mokeira akauliza, "Nyanchera atakuwepo?"

"Nyanchera? Si yuko kila wiki. Kwa nini?"

Simu ikakatwa.

Kesho yake aliimba. Kila alipomfikiria Davide aliongeza sauti, mpaka mwalimu wa kwaya akamwashiria apunguze. Hakuona kwamba nyuma kabisa gauni la haradali limeingia na kukaa kando ya mama mmoja mwenye kofia nyeupe.

"Mama," Mokeira alimnong'oneza, "yule msichana anasimama karibu na Joash ni nani?"

"Ni Nyanchera. Kwani?"

"Ana mtu?"

"Ana bwana, ndiye yule anapiga kinanda. Watoto watatu." Mama akageuka akamtazama vizuri, kuanzia miwani hadi viatu. "Na wewe ni mtoto wa nani, unauliza hivi?"

"Naitwa Mokeira, mama. Natoka Nyamira."

Mama akafunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo, mabega yakitikisika. "Mimi ni Mong'ina. Mimi ndiye nilikuwa nije kwenu kuuliza kama uko na mwanaume mwingine."

Mokeira alitamani ardhi ipasuke. Ibada ilipokwisha, Joash alitoka akamkuta uwanjani, ameshikwa mkono na shangazi yake kama mwizi wa kuku.

"Nimeuliza na nimemaliza," alisema Shangazi. "Huyu ako na wivu kuliko wewe. Kesho naenda Nyamira kuwasalimia tu." Akawaacha.

Joash alimtazama mpenzi wake, na tabasamu likamshinda. "Kumbe wewe pia?"

"Tangu siku ile ya kwanza ulipotaja jina lake."

"Na Davide? Si ndiyo saa yake?"

"Nimemwambia asubiri," alisema Mokeira, akimnyoosha tai. "Leo nilikuwa na wangu wa kukagua."