Majivu ya Maud

Maiti ya Clive Pennock ilikutwa Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi, ndani ya shimo la ukaguzi, chini ya tumbo la Maud. Alikuwa amelala chali, jicho moja wazi, kisogo kimepasuka kwenye ukingo wa zege. Mvua ilipiga bati la banda bila kupumzika.

Inspekta Hester Garbutt alichuchumaa, akamtazama marehemu. Kisha akamtazama Maud.

Maud alikuwa injini ya mvuke, ya kweli kwa kila kitu isipokuwa kimo: bomba lake la moshi lilimfikia Hester kifuani. Tangu mwaka 1911 alikuwa akivuta vibehewa vya wazi kandokando ya ufukwe wa Skelby. Hakuna mtoto wa mji ule ambaye hakuwahi kupanda. Hester naye alipanda.

"Ameteleza," alisema Sajini Mirza. "Alikuwa peke yake, mafuta sakafuni. Ajali, afande."

"Daktari anasemaje?"

"Alianguka jana jioni, kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Lakini hakufa papo hapo. Alivuta pumzi kwa muda mrefu tu. Angefikishwa hospitali, huenda leo angekuwa anakunywa supu."

Hester aliweka kiganja juu ya boila, lile pipa kubwa la chuma la kuchemshia maji. Lilikuwa bado na uvuguvugu.

Aliyeikuta maiti alikuwa Rhoda Stamper, mwalimu wa hesabu na katibu wa chama cha kuhifadhi reli ile. Alikuwa ameketi juu ya kreti, kikombe cha chai kimepoa mkononi.

"Wiki iliyopita," Hester alimwambia, "ulimtishia marehemu mbele ya watu ishirini. Ulisema akimgusa Maud utamzika."

"Nilisema nitamzika kwenye shimo hilohilo. Andika lote, Inspekta, usinipunguzie."

"Unaleta mzaha?"

"Nitalia nikishamaliza na wewe."

"Alitaka kumfanya nini Maud?"

"Kumrudishia usichana. Alikuwa na michoro ya kwanza kabisa, ya mwaka 1911. Chochote kilichoongezwa baadaye, boila hii, kibanda cha dereva, kingeng'olewa, aundiwe vipya vya kufanana na vya zamani. Jumatatu lori lije libebe boila, ikakatwe chuma chakavu. Sisi wengine tulisema kuhifadhi ni kutunza kilichopo, siyo kuigiza kilichopotea. Tukapiga kura. Tulishindwa kwa kura moja."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Shuleni, kikao cha wazazi, mpaka saa moja. Wazazi sitini watakuthibitishia. Arobaini watanisengenya hapohapo."

"Na Clive alikuja kufanya nini hapa?"

"Kumwasha Maud mara ya mwisho na boila hii, ampige picha."

"Nani aliuzima moto?"

Rhoda aliinuka, akafungua kimlango cha tanuri, akachungulia. "Umetolewa wote. Safi kabisa."

"Clive mwenyewe?"

"Angekuwa Clive, majivu yangekuwa shimoni. Ndiyo kazi ya shimo. Unamsimamisha juu yake, unafungua chini, moto unadondoka. Imekuwa hivyo miaka mia na zaidi..." Akageukia shimo. Alikuwa ameona alichokuwa anakisema.

Shimoni hamkuwa na hata punje moja ya jivu.

Waliyakuta nyuma ya banda, lundo jeusi lililoloa mvua. Pembeni yake ndoo ya bati, kitako kimebabuka kwa joto.

"Mtu kachota moto kwa beleshi kupitia mlangoni, kaubeba nje ndoo kwa ndoo," Mirza alisema. "Ya nini kujitesa hivyo?"

"Shimoni kulikuwa na mtu, na mzimaji alijua."

"Basi angekimbia! Mimi ningekuwa nimeshavuka mpaka wa Uskoti."

"Ukikimbia, moto unabaki," Rhoda alisema kwa sauti ndogo. "Maji yanakauka, chuma kinaungua. Boila inakufa."

"Nani anaipenda boila hii kiasi hicho?" Hester aliuliza.

"Usiniulize mimi."

"Nimeshakuuliza."

Rhoda alifuta kwa mkono wa sweta mahali fulani ubavuni mwa boila. Chini ya masizi palikuwa na herufi zilizogongwa kwa patasi: A. OXTOBY 1953.

"Alfreda," alisema. "Mama yake Wilf." Hapo ndipo alipolia.

Wilf Oxtoby, fundi wa reli ile, mwenye miaka sabini na minane, alifungua mlango kabla hawajabisha. Kiganja cha kulia kilikuwa kimefungwa bandeji.

"Binti Garbutt. Umekonda. Hawakulishi huko polisi?"

"Vaa koti, Mzee Oxtoby."

Hakuuliza la nini. Katika chumba cha mahojiano alisomewa haki zake, akakataa wakili. Mirza akawasha kinasa sauti.

"Mkono umepatwa na nini?"

"Birika."

"Birika gani linaacha mstari katikati ya kiganja, kama mpini wa ndoo?"

Wilf aliuficha mkono chini ya meza.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Na paka."

"Paka atatoa ushahidi?"

"Paka yule? Ataniuza kwa dagaa mmoja."

Hester hakucheka. "Kwa nini hukuyamwaga majivu shimoni?"

Mzee alimtazama kama anayempima.

"Wewe ungemmwagia mtu moto usoni?" alisema.

Mirza aliacha kuandika. Wilf alishusha pumzi, mabega yakalegea.

"Nilikwenda kumwomba. Sijamwomba mtu kitu tangu nimzike mke wangu, lakini Clive nilimwomba. Nikamwambia, mama aliiunga boila hii kwa miezi kumi na minne, kila siku akitoka zamu kiwandani. Chuma kwa nyundo, chuma kwa nyundo. Ikamla masikio. Sauti yangu ilipovunjika nikawa mwanamume, mama hakuisikia. Hakuisikia mpaka anakufa. Alikuwa akiweka kiganja juu ya Maud akichemka, anacheka. Ndiyo sauti pekee iliyombakia."

"Clive akasema nini?"

"Aliigonga kwa bisibisi. 'Kiraka, Wilf. Kiraka cha mamako. Huyu hajawahi kuwa Maud.' Nikamsukuma. Sikulitaka shimo. Nilitaka mkono wake utoke pale tu."

"Kisha ukamsikia."

"Nilimsikia. Alikuwa akimwita mkewe."

"Muda gani?"

"Dakika arobaini, hivi."

"Simu ipo ukutani, Mzee."

"Hatua sita. Nilizihesabu." Hakuinamisha kichwa. "Nikipiga, atapona. Akipona, Jumatatu lori linakuja. Nikachukua beleshi."

Alitia saini kwa mkono wa kushoto, polepole, herufi kwa herufi. Kisha akauliza, "Na lori?"

"Halitakuja. Maud ni kielelezo cha mahakama. Haguswi na yeyote mpaka kesi iishe."

Uso wa mzee ulifunguka. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kama mtu aliyelala akashiba usingizi. Akageukia dirisha. Mvua ilikuwa imekatika, mbingu imetakata, na madereva nje walishaanza kukwangua barafu kwenye vioo.

"Niliijaza maji," alisema. "Nilipotoa moto niliijaza pomoni, ipoe taratibu, nirudi asubuhi niyamwage. Usiku huu yataganda. Yakiganda yanatanuka, na chuma kile kizee... Mwambieni Rhoda afungue koki ya chini. Dakika moja tu. Binti Garbutt?"

"Banda limefungwa, Mzee Oxtoby. Wataalamu watarudi Alhamisi."

"Dakika moja."

"Haguswi."

Wilf Oxtoby alijifunika uso kwa bandeji yake, akalia kwa kwikwi mpaka meza ikatikisika. Mirza, kijana mwenye huruma, alimsogezea kikombe cha maji, akamnong'oneza inspekta kwamba afadhali, hatimaye mzee kamkumbuka marehemu.

Hester alizima kinasa sauti. Hakumsahihisha.