Kijani cha Wodi ya Tatu

Mgonjwa wa kitanda namba kumi na tisa, Wodi ya Tatu, aligeuka ubavu, na kabla hajamaliza kugeuka, kioo kilichoning'inia juu yake kilikuwa kimekwisha kumsoma. Mashuka ya hospitali hii ya jiji la Makutano Mapya yalifumwa kwa nyuzi-hisi, nyembamba kuliko unywele, zinazopokea ishara za mwili: moyo unavyopiga, msuli unavyokaza, jasho linavyotoka. Ishara zilikwenda kwenye ubongo-mashine, nao ukaamua mtu anaumwa kiasi gani. Jibu lilitokea kwenye kioo kwa rangi. Kijani, hana shida. Manjano, aangaliwe. Nyekundu, roboti-mbebaji imkimbize kwa daktari. Kifaa chenyewe kiliitwa kionyeshi, na kitanda namba kumi na tisa kilikuwa kijani.

Aliyekibuni ni mhandisi Nyamizi Kasanda, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mwenye kichwa kigumu kwelikweli. Kabla ya hapo alikuwa ametengeneza vibao vya barabarani vinavyosomeka kwenye mvua kubwa, na vihisi vya kunusa gesi inayovuja majumbani. Kionyeshi kilimla miaka tisa, na mpaka sasa kilikuwa kwenye majaribio katika hospitali hii peke yake. Siku hiyo, saa sita mchana, waziri angekuja kukizindua, na hospitali mia mbili na sitini nchini zingewashwa kwa pamoja. Nyamizi alifika saa mbili asubuhi kufanya ukaguzi wa mwisho.

Alimkuta Sista Zaituni, muuguzi mkuu, ameketi kando ya kitanda hicho, ameshika mkono wa mgonjwa.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Huyu si mzima."

Nyamizi akatazama juu. "Lakini kionyeshi ni kijani, Sista."

"Nimekiona. Mimi nimeshika mkono, na mkono ni wa baridi."

Mgonjwa aliitwa Kazimoto, fundi wa umeme wa treni za mwendokasi. Jasho lilimtiririka usoni naye amelala kimya, kama wanaume wengi walivyofundishwa kulala.

"Habari za asubuhi, baba?" Nyamizi alimwuliza.

"Nzuri."

Nyamizi akaridhika, akageuka kumjibu Sista. Sauti ya Kazimoto ikamfuata mgongoni, taratibu.

"Nzuri, mama. Ila hili tumbo halijanipa usingizi siku ya pili sasa."

Nyamizi akageuka tena. Hakusubiri kuelewa kwa nini kioo bado ni kijani. Aliita roboti-mbebaji iliyosimama mlangoni, nayo ikamulika kitanda, ikaona kijani, ikarudi mahali pake. Akaiita tena kwa sauti ya ukali. Ikarudi vilevile, maana ukali haumo kwenye rangi.

"Achana na hilo dude," alisema Sista Zaituni. "Sukuma huko, mimi nivute huku."

Wakakisukuma kitanda wenyewe, mhandisi na muuguzi, mpaka chumba cha upasuaji. Daktari aliminya tumbo mara moja tu, akaomba kisu.

Nyamizi akashuka kwenye chumba cha ubongo-mashine, akajifungia. Alitaka kusikiliza masomo ya mwanzo kabisa. Mashine haizaliwi na akili, hufundishwa kama mtoto. Hii ilikuwa imefundishwa na wagonjwa elfu mbili. Kila mmoja aliulizwa, "Habari yako?" na jibu lake likafungwa pamoja na ishara za mwili wake wa wakati uleule. Muda wa kujibu ulikuwa sekunde mbili. Nyamizi mwenyewe ndiye aliyeuchagua, kwa sababu wahandisi wenzake walipojaribiwa maabara, sekunde mbili ziliwatosha na kubaki.

Akafungua sauti.

"Nzuri, i..."

"Salama tu, mwanangu, la..."

"Tunamshukuru Mungu, ila u..."

Alisikiliza mia, kisha mia nyingine. Nani katika nchi hii asiyejua? Mtu anatoka kuzika, ukimwuliza habari za huko anasema nzuri, kisha ndipo anakuambia nani amekufa. Kuanza na baya ni kumvamia mwenzio. Nyamizi alifundishwa hivyo na mama yake, kwa kufinywa, angali mdogo. Aliyajua yote hayo, na bado akakata ulimi wa watu katikati ya sentensi na kuliita neno la adabu ukweli wa mwili. Mashine haikukosea. Ilishika ilichofundishwa, kwamba mwili uliokaza kwa maumivu huku mwenyewe akivumilia ndio mwili mzima. Kadiri mtu alivyojikaza, ndivyo kioo kilivyozidi kuwa kijani.

Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Kisha akauliza swali aliloliogopa: tangu majaribio yaanze, wangapi walifariki wakiwa kijani?

Kumi na mmoja.

Mkurugenzi Mbilinyi alimpigia saa nne kasorobo. "Mhandisi, waziri yuko njiani. Tuzindue leo, tutarekebisha wiki ijayo."

"Mkurugenzi, wiki ina siku saba, na hospitali ni mia mbili na sitini. Tutamwambia nani avumilie?"

"Utatuaibisha mbele ya taifa."

"Aibu ni yangu, nitaibeba. Kibali cha kuwasha kina sahihi yangu, na ninaifuta."

"Nyamizi, miaka tisa!"

"Nimeihesabu, Mkurugenzi."

Akaweka kiganja kwenye kidhibiti. Vionyeshi vikazimika wodi zote, kitanda baada ya kitanda, na wauguzi vijana wakabaki wameduwaa. Sauti ya Sista Zaituni ilisikika hadi chini: "Mnashangaa nini? Mikono mnayo! Shikeni wagonjwa!"

Nyamizi alipopanda juu, nje ya chumba cha upasuaji alikuwepo mke wa Kazimoto, Mama Shija. Daktari alikuwa ametoka kumwambia kwamba utumbo ulikuwa umetoboka, na saa moja zaidi ingemaliza mambo, lakini mumewe ataishi. Alimkumbatia Nyamizi huku analia.

"Mungu akuzidishie, mwanangu, kwa kumwahisha."

Nyamizi akamshika mabega. "Usinishukuru, mama. Mashine iliyosema baba Shija hana shida ni yangu. Nimeitengeneza mimi, na kosa nimelifanya mimi."

Mama Shija akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Na kabla yake? Wapo wengine?"

"Kumi na mmoja. Hao hawakupona."

"Ndugu zao wanajua?"

"Wanajua ugonjwa ulizidi nguvu. Hospitali itawaandikia barua."

"Barua!" Mama Shija alitikisa kichwa. "Mimi umeniambia ukiwa umenishika mabega. Nao wana mabega."

Nyamizi akarudi kuchukua majina ya wale kumi na mmoja. La kwanza lilikuwa Tatu Mrisho, wa Kota za Reli, nyumba ya tisa, aliyefariki miezi mitatu iliyopita, baada ya kujifungua. Msafara wa waziri ulipokuwa unaingia getini, yeye alikuwa anatoka kwa miguu.

Alipiga hodi. Mlango ukafunguliwa na mwanamume aliyemlaza mtoto mchanga begani, akatabasamu, akasogea pembeni ili mgeni apite.

"Karibu, dada. Karibu ndani."