Mkisi wa Jukwaani

Ndugu zangu wa mwambao huu, asubuhi za kwetu Ikombe, kando ya ziwa, zilikuwa tulivu. Mama yangu, Atuganile, alisugua vyungu vibichi kwa kokoto laini, mimi nikimkandia udongo, tukipiga soga kwa Kikisi, lugha yetu sisi Wakisi. Sikujua kwamba maisha hayo ningekuja kuyaonea haya.

Nilipoanza sekondari Kyela nilikaa bweni. Wenzangu waliwacheka Wakisi: "Watu wa vyungu!" Nami nikacheka. Nikasema mimi ni Mnyakyusa wa mjini. Miaka mitatu niliishi na uongo huo.

Siku ya wazazi kikundi chetu kiliigiza mchezo wa kuchekesha: mama wa ziwani, muuza vyungu, anapotea mjini. Nikaomba nafasi hiyo mwenyewe. Nilimwigiza nani, ndugu zangu? Mama. Mwendo wake wa kulalia upande mmoja, kikohozi chake, Kiswahili chake cha kuungaunga. Watu walicheka mpaka machozi.

Sikuwa nimemwalika. Alisikia habari za siku hiyo kwa jirani, akapanda mtumbwi alfajiri.

Nje ya ukumbi rafiki yangu Lucy alinidandia begani. "We Gloria, mbavu zangu! Umejifunza wapi kuwa Mkisi?"

"Nawaonaga tu sokoni," nikajibu.

Nikageuka. Mama alikuwa nyuma yetu, naye ametoka ukumbini, amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Shikamoo, mama," Lucy akamwamkia. "Umemfuata nani?"

Mama alinitazama. Alingoja nijibu mimi. Nikainama kufunga kamba za viatu.

"Marahaba, mwanangu. Nimepotea njia tu," akasema, akaenda zake.

Tangu siku hiyo hakunisemesha Kikisi tena. Na majirani alikiongea, akicheka. Nikitokea, anahamia Kiswahili, kilekile nilichokiigiza. Mwaka jana kifua kilimlaza. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamwomba msamaha kwa lugha yetu. Akanijibu kwa Kiswahili, taratibu, kama anayemkaribisha mgeni:

"Yameisha. Pumzika, umetoka mbali."

Tulimzika Alhamisi ya wiki hiyo.

FUNZO

Kuigiza si kosa. Jukwaani tunajiona tulivyo, na tunavyotamani kuonekana. Lakini ukimvaa mzazi wako ili achekwe, huku unaficha kwamba ni wako, wenye kucheka watasahau kabla hawajafika kwao. Yeye hatasahau. Vijana, tajeni kwenu mbele za watu, wakati mzazi wenu bado yupo asikie. Mimi nimechelewa.